Linafuata Nini? Neno la Kiingereza "second" na Tabia Zake

Ndugu wafasiri, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokuja kusikiliza, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kivumishi kimoja cha idadi katika Kiingereza, nami nimechagua "second". Najua wapo wanaojiuliza kuna nini cha kusema hapo. Neno tunalijua tangu siku za mwanzo darasani: maana yake ni "-a pili", basi, tufungue ukurasa mwingine. Mimi mwenyewe niliishi na imani hiyo kwa miaka mingi, mpaka siku neno hilo liliponiumbua mbele za watu.

Nilikuwa nimepewa wasifu wa marehemu nitafsiri. Ulikuwa mfupi, nusu ukurasa, na sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba ameacha "his second wife and four children". Sikusita. Nikaandika: "Ameacha mke wa pili na watoto wanne." Wasifu ukasomwa. Baadaye mzee mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, na mke mkubwa je? Mbona hamkumtaja?" Nikaduwaa. Mke wa kwanza alikuwa amefariki zamani, kabla hata marehemu hajafikiria kuoa tena. Mtu yule hakuwahi kuwa na wake wawili kwa wakati mmoja hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwoza mke mwingine akiwa ndani ya jeneza.

Nilipotulia niliona kosa lilipokuwa. Kwetu, "mke wa pili" husikika kwanza kama hesabu: wapo wawili, na huyu ni mdogo. Kiingereza kimekulia kwenye sheria ya ndoa ya mke mmoja, kwa hiyo "second wife" ni aliyekuja baada ya ndoa ya kwanza kwisha, iwe kwa kifo au kwa talaka. Ni mke aliyefuata. Neno halikutaja idadi ya wake, lilitaja zamu. Tangu siku ile, kila nikikutana na "second" huwa nauliza: inafuata nini? Hilo ndilo swali nililokuja nalo leo.

Wala swali hilo si la kubuni. Limo ndani ya neno lenyewe. "Second" lilitoka Kilatini, "secundus", likapitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Na "secundus" limezaliwa na kitenzi "sequi", yaani kufuata. Ndugu zake mnawafahamu: "sequence", mfuatano; "consequence", matokeo, kile kinachofuata tendo. Katika "second" hakuna "two" hata chembe. Waroma walikuwa na usemi "ventus secundus", upepo unaofuata chombo, unaosukuma kutoka tezi kuelekea omo. Ndiyo maana neno hilo kwao lilikuwa pia na maana ya heri: upepo uliokuja nyuma yako ni upepo mwema. Kiingereza hakikuichukua maana hiyo ya heri, na mimi nasikitika kidogo kwamba haikuvuka.

Linganisheni na lugha yetu. "Kwanza" nalo halina "moja" ndani yake. Limetokana na kuanza. Wa kwanza ni yule anayeanza. Kiingereza kimefanya hivyo hivyo: "first" limejengwa juu ya maana ya kuwa mbele, wala si juu ya "one". Lakini tukifika kwenye "pili" sisi tunarudi kwenye hesabu, maana "pili" na "mbili" ni ndugu wa damu, sikio linawatambua. Kiingereza hapo hakikurudi. Kiliendelea na picha ya safari: mmoja ametangulia, mwingine anafuata. Hesabu inaanza kwenye "third", inayotokana na "three". Kwa hiyo tunapoweka "-a pili" mahali pa "second", tunaweka neno la kuhesabu mahali pa neno la kufuata. Mara nyingi haina madhara. Siku moja moja inamwoza marehemu mke.

Hata Kiingereza chenyewe hakikuwa na "second" tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilitumia "other" kwa kazi hiyo. Fikirieni usumbufu wake: "the other day" iwe siku ile nyingine au siku ya pili? Neno moja lilibebeshwa mizigo miwili, ndipo wageni wa Kifaransa wakapokewa kusaidia. Katika namba za mpangilio za kawaida, kuanzia "first" mpaka "thousandth", "second" ndilo pekee la kuazima. Mengine yote ni ya nyumbani. Na "other" halikuondoka kabisa. Limejificha kwenye "every other day", ambayo maana yake ni ile ile ya "every second day".

Hapo kwenye "every second day" naomba tukae kidogo, kwa sababu pana hatari. Mgonjwa ameandikiwa kidonge "every second day". Nimeona mtu akitafsiri "kila baada ya siku mbili". Sivyo. Hesabuni kwa vidole: anameza Jumatatu, Jumanne anaacha, Jumatano anameza. Siku inayoachwa katikati ni moja. Ni "kila baada ya siku moja", na kwenye karatasi ya dawa mimi naandika bila aibu: meza leo, kesho usimeze, keshokutwa meza. Ukiandika "kila baada ya siku mbili", msomaji makini ataacha siku mbili nzima, na dawa itapungua mwilini bila yeye kujua. Hapa "second" maana yake ni hii: katika kila jozi ya siku, chukua ile inayofuata.

Sasa saa. Wanafunzi huniuliza kwa nini sekunde na "wa pili" ni neno moja kwa Mwingereza. Jibu ni zuri kuliko wanavyotarajia. Wataalamu walioandika kwa Kilatini waligawa saa, kama walivyogawa nyuzi za duara, katika vipande 60, na kila kipande wakakiita "pars minuta prima", kipande kidogo cha kwanza. Kisha wakakigawa tena kwa 60, wakapata "pars minuta secunda", kipande kidogo cha mgawanyo wa pili. Kiingereza kikanyofoa neno moja kutoka kila jina: kwenye jina la kwanza kikachukua "minute", kwenye jina la pili kikachukua "second". Sekunde, basi, ni mgawanyo uliofuata ule wa kwanza. Kiarabu kina sura hiyo hiyo: sekunde ni "thaniya", nalo ni lile lile "ya pili". Na wale wazee wa elimu hawakuishia hapo. Roger Bacon, mwanachuoni wa Uingereza, mwaka 1267 aliandika nyakati za mwezi mpevu kwa saa, dakika, sekunde, halafu za tatu na za nne. "Third" ya wakati, yaani sehemu ya 60 ya sekunde, ilikuwapo. Imetupotea tu mkononi. Siku hizi sekunde haipimwi tena kwa kuigawa siku. Tangu 1967 inahesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya seziamu-133. Kipimo kimebadilika kabisa, jina bado linasimulia habari ya kugawa mara mbili.

Huwapa wanafunzi wangu sentensi hii: "The second hand of her second-hand watch stopped for a second." Wengi hukwama. "Second hand" ya kwanza ni akrabu ya sekunde, ule mshale mwembamba unaozunguka bila kupumzika. "Second-hand" yenye kistari ni kitu kilichopita mikononi mwa mtu kikamfikia mwingine: mkono uliofuata. Na "a second" ya mwisho ni sekunde moja. "Akrabu ya sekunde ya saa yake ya mtumba ilisimama kwa sekunde moja." Tazameni kile kistari. Ukikiondoa, saa ya mtumba inageuka saa yenye mshale. Na habari uliyoipata "second-hand" umeisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mwingine. Kiswahili kingesema habari ya kuambiwa.

Nimesema kwamba "second" halina maana mpaka ujue linafuata nini. Watu wameshtakiana mahakamani kwa ajili ya jambo hilo. Malkia Elizabeth alipoanza kutawala mwaka 1952, aliitwa Elizabeth II, na kwa mdomo "Elizabeth the Second". Kumbukeni hapo kwamba "the" hutamkwa lakini haiandikwi. Waskoti wengi wakauliza: wa pili baada ya nani? Elizabeth wa kwanza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, alikuwa malkia wa Uingereza. Uskoti wakati huo ulikuwa na wafalme wake. Kwa hesabu ya Uskoti, huyu alikuwa wa kwanza kwa jina hilo. Mwaka 1953 John MacCormick, mwanasheria wa Uskoti, alipeleka shauri mahakamani kupinga namba hiyo, akashindwa. Sanduku la posta lenye namba hiyo lililipuliwa Edinburgh. Baadaye masanduku ya posta ya Uskoti yakatengenezwa yakiwa na alama ya taji la Uskoti, bila namba. Mimi siwaoni wale watu kuwa walikuwa wakigombania kitu kidogo. Kumwita mtu wa pili ni kutaja historia ambayo yeye ameifuata, nao walikuwa wanasema: historia hiyo si yetu.

Mfano mwingine uko Marekani. "Second Amendment", rekebisho la pili la Katiba, lile la haki ya kuwa na silaha, hutajwa kila siku kama vile nafasi yake imeandikwa mbinguni. Lakini mwaka 1789 Bunge la Marekani lilipeleka kwa majimbo mapendekezo 12, na lile la silaha lilikuwa la nne kwenye orodha. Mawili ya mwanzo hayakupata kura za kutosha, hivyo mwaka 1791 la tatu likawa la kwanza, na la nne likawa la pili. Lile pendekezo lililokuwa la pili tangu asili, linalohusu malipo ya wabunge, lilikaa likisubiri mpaka 1992, likapitishwa na kuwa la 27. Kumbe "second" inaweza kuhama. Aliyetangulia akiondoka, anayefuata anasogea, na jina linasogea naye.

Kuna matumizi yanayowasumbua sana wanaojifunza, nayo ni "second" ikikaa mbele ya sifa ya juu kabisa: "second largest", "second best". Kiswahili hufungua maneno hayo na kuyapanga upya: wa pili kwa ukubwa, wa pili kwa ubora. Mfano maarufu kuliko yote uko kwenye wosia wa William Shakespeare, wa Machi 1616. Humo anamwachia mkewe Anne "my second best bed". Kitanda changu cha pili kwa ubora. Maneno hayo yamechomekwa katikati ya mistari, kama mtu aliyekumbuka mwishoni. Kwa karne nyingi wasomaji wameyaona kuwa tusi: mume anakufa anamwachia mkewe kitanda kilichoshindwa na kingine. Lakini wapo wanaoeleza kwamba katika nyumba za zama zile kitanda bora kabisa kiliwekwa kwa ajili ya wageni, na kile kilichofuata ubora ndicho walicholalia mume na mke. Mimi naegemea upande huo, ingawa siwezi kuapa. Ninachoweza kusema ni kwamba ukitafsiri "kitanda cha pili kilicho kizuri" umekosea sarufi, na ukitafsiri "kitanda hafifu" umeshatoa hukumu ambayo mwandishi hakuitoa. "Kitanda changu cha pili kwa ubora": achieni hapo, msomaji aamue mwenyewe.

Huyo huyo Shakespeare alitumia "second to none" katika tamthilia yake *The Comedy of Errors*. Hakuna mtu ambaye huyu anamfuata. Sisi tunasema hana mfano, hana kifani. Msiichanganye na "second to last", ambayo ni wa kabla ya wa mwisho.

Sasa kineno "a" na kineno "the". Hapa ndipo tafsiri nyingi hupwaya, nami naona walimu tunalipita jambo hili haraka mno. "She found the second error" maana yake orodha ya makosa ilikuwa inajulikana, naye ameliona lile la pili. "She found a second error" ni habari tofauti: tulidhani kosa ni moja, kumbe kuna jingine, na huenda yapo zaidi. Ukiandika "la pili" kwenye zote mbili, umezima tofauti. Kwa ile yenye "a", Kiswahili chenye uhai husema "-ingine". "A second chance" ni nafasi nyingine. "A second opinion" ni maoni ya daktari mwingine. Na hapa mimi hufurahi, kwa sababu Kiingereza kililipokea "second" ili kulipumzisha "other", na leo mfasiri wa Kiswahili akitaka kulitafsiri vizuri analirudisha kwenye "mwingine". "On second thoughts" nayo, ambayo Wamarekani huisema bila "s" ya mwisho, ni "nikifikiria tena". Si "kwenye fikra za pili", hata kidogo.

Ghorofa mnaijua shida yake. Mwingereza huanza na "ground floor", kisha "first", kisha "second". Mmarekani huanza na "first" pale chini kabisa. "Second floor" ya Mwingereza ni "third floor" ya Mmarekani. Kwenye riwaya haidhuru. Kwenye maelekezo ya kuokoa watu wakati wa moto, andika ni ngazi ngapi kutoka chini.

Katika ukoo, "second cousin" si mtoto wa binamu yako. Ni mjukuu wa ndugu wa babu au bibi yako. Kiingereza hapa kinahesabu vizazi, na ukisema tu "binamu wa pili" hakuna atakayekuelewa.

Kwenye uandishi wa tarakimu, neno hili hung'ang'ania mahali ambapo letu huachia. Sisi tunasema "wa pili", lakini tukifika mbele tunasema "wa ishirini na mbili". "Pili" haionekani tena. Kiingereza hurudi na "twenty-second", na ndiyo maana huandikwa 22nd, 32nd, 102nd. Isipokuwa 12, ambayo ni "twelfth", 12th, na 112 vilevile. Anayeandika "22th" amesahau kwamba mgeni yule wa Kifaransa bado yuko mlangoni. Lakini kuna chumba kimoja ambacho hakuruhusiwa kuingia akiwa peke yake: sehemu, yaani vipande vya kitu kizima. Tatu hutoa "third", theluthi. Tano hutoa "fifth". Mbili haitoi "second", hutoa "half". Nasi pia, theluthi ina tatu ndani yake kwa asili yake ya Kiarabu, lakini nusu haina mbili. Nimelifikiria hili mara nyingi, na naona lina mantiki yake. Ukikata kitu katikati, hakuna kipande kinachofuata kingine. Viko sawa.

Likiwa kitenzi, "to second a motion" ni kuunga mkono hoja: mtu ametoa hoja, wewe umemfuata. Likitamkwa kwa mkazo mwishoni, Waingereza humaanisha mtumishi kuazimwa kwa muda kutoka ofisi yake kwenda nyingine. Maandishi ni yale yale, sauti ni mbili.

Wiki chache zilizopita ulinijia wasifu mwingine, na sentensi ilikuwa karibu ile ile: "his second wife". Niliweka kalamu chini. Kiingereza kilikuwa kimeniambia kwamba mama huyu alikuja baadaye, lakini hakikuniambia yule wa kwanza alikwendaje. Nikapiga simu kwa familia, nikauliza kwa adabu. Binti yao akanijibu kwamba mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, na huyu ndiye aliyemlea. Nikaandika: "Ameacha mjane, aliyemwoa baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza, na watoto wanne aliowalea pamoja naye." Nikamsomea binti kwa simu, neno kwa neno, kabla ya kupeleka.